Paswedi za Kina Chacha

Huku Itiryo, mwalimu akinunua simu inayofungua intaneti bila kugandaganda, shule humpa kazi ya pili isiyo na mshahara. Ndivyo nilivyogeuka mtunza siri wa kidato cha nne chote, pamoja na wale waliokwishamaliza wakarudi na matokeo mkononi. Mimi nafundisha Jiografia. Siri sikuzisomea.

Aliyebuni utaratibu wa kila mtu kuingia kwa jina lake na paswedi yake, naapa hajawahi kuita mahudhurio Tarime. Ukisema "Chacha Mwita" wanasimama watatu. Ukisema "Mwita Chacha" wanasimama wengine wawili, na mmoja wa wale wa kwanza hakai, kwa sababu cheti chake cha kuzaliwa kinasema hivi na daftari la shule linasema vile. Ongeza Marwa hapo, uone majina matatu yanavyojaza darasa zima. Sasa kafungue barua pepe. Andika chachamwita: limeshachukuliwa. Weka moja mbele: limeshachukuliwa. Unaendelea kupandisha namba hadi unajiuliza kama ukoo wote umeshahamia mtandaoni, wakakuacha wewe na chaki yako.

Wasichana je? Bhoke au Boke? Ghati au Gati? Robhi au Robi? Binti mmoja ana h shuleni, hana h kwenye barua pepe, na baba yake akiulizwa anasema, "Andika tu, mwalimu, ni huyo huyo." Kompyuta haielewi huyo huyo.

Halafu kuna Selform, mfumo wa TAMISEMI ambamo mhitimu wa kidato cha nne hubadili tahasusi. Tangu 2024, tahasusi zilipopanda kutoka 16 hadi 65, kila mtoto anataka kuingia kuchungulia. Mlangoni huulizwa namba ya mtihani, jina la mwisho, mwaka wa kuzaliwa na alama ya somo fulani. Mjini huenda hayo ni mambo ya mtu binafsi. Kwetu namba za mtihani zinajulikana kwa waliokaa dawati la mbele na la nyuma, jina la mwisho ni Chacha, mwaka wa kuzaliwa ni ule ule wa nusu ya darasa, na alama ya Fizikia shangazi alishaitangaza gulioni. Msimu mmoja kijana aliyejaza PCB alijikuta yuko HGL. Binamu yake ndiye aliyeingia akabadili, kwa huruma, aliona Fizikia itamtesa bure. Nilipomhoji, binamu hakuelewa kosa liko wapi. Alikuwa anasaidia ndugu.

Lakini watoto siwalaumu sana. Nawalaumu watu wazima. Mtoto anakwenda steshenari kuombewa mkopo wa HESLB, mwenye steshenari anamfungulia akaunti, anamchagulia paswedi, anaiandika kwenye kaunta buku lake na kulifungia kwenye droo isiyo na kufuli. Paswedi zote humo ni Tanzania, alama ya at, na mwaka. Mwaka ukibadilika, anabadili mwaka. Mtoto anatoka pale na karatasi ya risiti tu. Akitaka kuingia tena kwenye mambo yake mwenyewe, lazima alipe nauli ya bodaboda na ada ya kufunguliwa. Shuleni nako kuna pendekezo, lililotolewa kikaoni kwa nia njema kabisa, kwamba orodha ya paswedi zote ibandikwe ubaoni ofisini "ili zisipotee." Ofisini ndipo wanafunzi wanapokuja kuchukua chaki.

Nikawasimulia wenzangu habari ya chuo cha MIT, Marekani. Mwaka 1962 mwanafunzi wa uzamivu, Allan Scherr, alitaka muda zaidi wa kutumia kompyuta ya chuo. Hakuvunja chochote. Aliiagiza mashine ichape faili la paswedi za watu wote, akaenda kulichukua likiwa karatasi. Mkuu wetu wa shule alisikiliza kwa makini, kisha akauliza kama ubao ukiwekewa kioo itafaa.

Basi nikaamua kila mtoto atajitungia mwenyewe: sentensi ndefu, ya Kikurya, asiyoiandika popote. Ndefu ni ngumu kubahatisha kuliko fupi yenye mapambo, hilo wataalamu wanalisema siku hizi. Darasa zima likachagua methali ile ile moja ambayo kila bibi wa Itiryo huitamka akikuona umeamka kwa kuchelewa. Kilichotuokoa ni tahajia. Huyu kaandika kwa h, yule bila h, mwingine kaongeza irabu. Hakuna aliyeweza kuingia kwa mwenzake. Wengi hawakuweza kuingia hata kwao.

Umesahau? Bonyeza hapa, utatumiwa namba za uthibitisho kwa simu. Simu ya nani? Laini ni ya kaka aliyeko Sirari, na simu yenyewe iko dukani inachajiwa, au imenasa mtandao wa Kenya na inakaribishwa nchi jirani huku namba zikiisha muda.

Waliofanikiwa niliwaapisha: usimwambie mtu. Mmoja alilishika neno. Wiki ile ile mzazi wake akatinga ofisini, kofia mkononi, sauti ya kusikika hadi bwaloni.

"Mwalimu, mura wangu ananificha paswedi. Simu yangu, laini yangu, bando langu. Siri yake inatoka wapi?"

Nikamkaribisha kiti. Nikamweleza kwamba tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, inatumika tangu Mei 2023, na kijana ametimiza miaka kumi na minane, taarifa zake ni zake. Alinyamaza, akaifikiria, akavaa kofia.

"Sawa, mwalimu. Basi hiyo sheria imwekee na bando."

Tangu siku ile mura anajaza fomu za mkopo kwa simu yangu.