Kwa Heshima na Taadhima: Foleni ya Tunduma

Watu wa mikutano wana desturi mbaya ya kuisengenya foleni ya Tunduma. Kikao cha biashara kati ya Tanzania na Zambia hakiishi mpaka mtu asimame, akohoe kidogo, aseme kwamba malori yaliyokwama mpakani yanaua uchumi. Wenzake wanatikisa vichwa, chai inaletwa, posho inasainiwa. Mshtakiwa mwenyewe hakualikwa. Basi mimi nimejitolea kuwa wakili wake, na sidai ada.

Kwanza tuitazame tabia yake. Foleni haina ubaguzi: semitrela jipya lenye kiyoyozi na lile kuukuu ambalo bampa lake limefungwa kwa kamba husimama mstari mmoja. (Wanaochomekea usiku wana mambo yao, na mimi sikuwepo.) Tena ni karimu. Dereva aliyetoka Dar es Salaam amekimbia zaidi ya kilomita 900 bila kupata nafasi ya kumjulia mtu hali. Akifika Tunduma anapewa siku kadhaa za kujuana na watu. Machela ya turubai inafungwa chini ya tela. Sanduku la vyombo linafunguliwa, linatoka jiko, sufuria na unga. Mama ntilie anapita na wali maharage, kijana anauza maji ya kuoga kwa ndoo, mwingine anatembea na bunda la kwacha mkononi akinunua shilingi. Yuko anayelipwa kulinda dizeli isinyonywe usiku, na pengine ana ndugu anayeinyonya: tanki moja, ajira mbili. Wachumi wanaliita jambo hili hasara. Kamuulize mwenye gesti.

Na wanaodai kwamba kukwama hakujawahi kujenga kitu, hao hawakusoma historia. Novemba 1965, Ian Smith alipojitangazia uhuru wake wa Rhodesia, Zambia ilijikuta imekabwa koo. Mafuta yake yalikuwa yakipitia kusini, kwa Smith, na shaba yake ilitoka nje kwa njia hiyo hiyo. Madereva wakaanza kusomba mapipa ya mafuta kutoka Dar es Salaam kwenye barabara ya vumbi na matope iliyomeza malori mengi, hata safari ile ikapachikwa jina la jehanamu. Kabali hiyo ndiyo iliyozaa bomba la TAZAMA, kilomita 1,710 mpaka Ndola, mwaka 1968. Ikazaa lami. Ikazaa reli ya TAZARA, kilomita 1,860, iliyokabidhiwa na Wachina mwaka 1976. Nyerere na Kaunda wamepewa sifa zao, Mao naye kapewa zake. Kikwazo kilichowasukuma wote watatu hakijapewa hata jina la mtaa.

Reli ilipokamilika, foleni ilifanya nini? Ilihama tu. Ilikwenda kukaa bandarini Dar es Salaam na kwenye yadi za mabehewa, mizigo ikarundikana, na Oktoba 1978 Kaunda, huku wakulima wake wakisubiri mbolea kabla ya mvua, akalazimika kuifungua tena njia ya kusini, kwa Smith yule yule. Mbolea iliyokwama ina ushawishi ambao mabalozi wengi wanauota.

Yupo mtu mmoja aliyeielewa foleni kuliko wengi wetu: Eliyahu Goldratt, Mwisraeli, mwanafizikia kwa kusomea. Mwaka 1984 alitoa kitabu kiitwacho The Goal, ambacho, niaminini, ni riwaya kuhusu kiwanda. Humo mna kundi la skauti wanaotembea porini, na kati yao kijana mmoja mzito wa mwendo, Herbie. Wenye mbio wanatangulia wakijiona wameokoa muda, lakini kundi halijafika mpaka Herbie afike. Dawa inayopatikana ni kumweka yeye mbele na kumpunguzia mzigo wa mgongoni.

Herbie wetu mara nyingi ni dirisha moja, ofisa mmoja na mtandao unaokatika saa nne asubuhi. Na sisi tumemheshimu kwa namna yetu. Tumepanua barabara, tumeagiza malori yenye nguvu zaidi, ili tuwahi kufika nyuma yake. Mizani nazo zimehakikisha kwamba hakuna anayezidisha tani 56 za sheria ya Afrika Mashariki, kwa hiyo tunasubiri tukiwa na uzito halali kabisa. Ofisa akichelewa kurudi kutoka kula kwa saa moja, saa hiyo haimpotei yeye; inaipotea barabara nzima, toka bandarini mpaka mgodini. Hesabu yake ni ya darasa la tano: tuseme yanavuka malori 100 kwa siku na yamesimama 600, basi wa mwisho ana siku sita. Kununua lori la 601 hakumpunguzii hata dakika. Kunamwongezea mama ntilie mteja, ambalo nalo ni jambo jema.

Lakini sifa ya foleni inayonifanya nivue kofia ni ukweli wake. Ripoti hupambwa na takwimu hupigwa pasi. Mkia wa malori hauna wa kuuandikia upya. Mtaalamu aje kwa ndege, alale hoteli, alipwe kwa dola atuambie kasoro iko wapi, wakati angeweza kuvaa ndala akaufuata mkia ule hadi kichwani. Huko angekuta wakala wa forodha anasubiri mwenye mzigo atume pesa za ushuru. Au cheti kimoja kilichobaki Lusaka. Au kiti kitupu chenye koti mgongoni, ishara kwamba mwenyewe yupo. Gharama ya yote hayo analipa mama fulani wa Lubumbashi, kwenye bei ya sabuni na mafuta ya kula, na hajui kwamba amegharamia usiku saba wa dereva asiyemfahamu. Sijasikia analalamika mkutanoni. Hajaalikwa naye.

Maadui wa foleni wamejaribu. Oktoba 2019 marais Magufuli na Lungu walizindua kituo cha pamoja cha Tunduma na Nakonde, maofisa wa nchi mbili wakakaa pamoja ili lori lisimame mara moja badala ya mbili. Wapenzi wa foleni tuliingiwa na baridi. Ilikuwa hofu ya bure. Mei 2020 Zambia ilifunga mpaka wa Nakonde kwa ajili ya korona, na mpendwa wetu akarudi na familia yake yote. Hata bila maradhi, ukimfukuza Tunduma utamkuta Kasumbalesa, malori yanapoingia Kongo. Ukimfukuza Kasumbalesa atakungoja mizani au kwenye geti la bandari. Goldratt alifundisha kwamba ukishaondoa kizuizi kimoja, rudi mwanzo utafute kilichofuata. Yeye alikusudia ushauri. Mimi nasoma ahadi ya uzima wa milele.

Mara ya mwisho nilipopita Tunduma jioni, dereva mmoja alinikaribisha kwenye kivuli cha tela lake. Alikuwa na siku ya nne pale. Kwa siku zote hizo, alisema, hawajasogea hata hatua, na akaorodhesha waliohusika, kuanzia wizarani hadi kwa mwenye lori, kwa maneno ambayo mhariri atayakata. Maji yalichemka, akamimina unga, akashika mwiko. Ndipo utingo wake akaja mbio akipiga bati kwa kiganja: "Mzee, wanasogea! Wanasogea!"

Dereva alitazama barabara, akatazama sufuria. Ugali ulikuwa bado uji.

"Hawa watu," alisema, akichomoa sufuria motoni, "hawawezi kumwacha mtu akala?"