Barua ya Wazi kwa Wenye Dhamana ya Utamaduni: Ombi la Chumba cha Mazoezi, Ndhiwa

Waheshimiwa,

Sisi wapiga muziki wa Ndhiwa, wa gitaa na wa orutu, wa ngoma za ohangla na wa kinanda cha kanisani, twaleta mbele yenu ombi la chumba kimoja cha mazoezi, kitakachotumiwa kwa zamu na bendi zote. Na pamoja na ombi hilo twatanguliza ahadi zetu za namna tutakavyokiharibu, ili baadaye asitokee mtu wa kusema kuwa hakuarifiwa.

Tumeisoma Katiba ya Kenya ya 2010, Jedwali la Nne, Sehemu ya Pili, tukastaajabia hekima ya walioipanga. Kazi ya tatu ya serikali za kaunti ni kudhibiti kelele na kero nyinginezo za umma. Ya nne, inayoifuata papo hapo, ni utamaduni na burudani, navyo vimetiwa fungu moja na kamari na leseni za pombe. Hatuulalamikii ujirani huo, kwa sababu umetufafanulia kwa nini mpiga gitaa wa huku, akitafuta mahali pa kufanyia mazoezi, huishia katika baa wakati wa mchana kabla walevi hawajafika, akipiga ala za mwenye baa kwa masharti ya mwenye baa. Na kwa nini, akijaribu kwingine, huletewa askari.

Wapo wenzetu ambao, kwa kuukosa hata mchana huo, mazoezi yao huyafanya matangani. Disko matanga imepigwa marufuku mara nyingi, nasi twaziheshimu amri. Lakini haki isemwe, marehemu ndiye msikilizaji pekee katika Ndhiwa yote asiyekatiza wimbo kwa noti ya shilingi mia ili asifiwe yeye na shemeji zake. Pakruok, yaani kusifiwa huko kwa malipo, ni mila yenye heshima na imelisha bendi nyingi, ila wimbo unaosimamishwa kila ubeti hauwezi kufundishwa mpiga besi mgeni. Na tukikosa mahali, hatukosi muziki, wala nchi hii si ya kuuomba kwa jirani: benga, ambamo gitaa huiga midundo ya nyatiti ya nyuzi nane, ilikulia kandokando ya ziwa letu, na Daniel Owino Misiani, aliyezaliwa Shirati ng'ambo ya mpaka na kufariki 2006, aliipeleka mbali na bendi yake ya Shirati Jazz.

Sasa ahadi zetu. Bendi yenye zamu ya saa nane hadi saa kumi itafika saa tisa, itafunga vyombo kwa nusu saa, itagombania uongozi kwa nusu nyingine, na ifikapo saa kumi, wenye zamu ijayo wakiwa wamesimama mlangoni na ngoma zao mabegani, ndipo wimbo utakapokolea. Mpiga solo ataongeza sauti kwa kuwa hajisikii; mpiga besi ataongeza kwa kuwa solo imemfunika; mpiga ngoma hana kitufe cha kuongeza, ila ana mikono; na mwimbaji ataielekeza maikrofoni kwenye spika mpaka ipige yowe, kisha atamlaumu fundi. Wataalamu wasema kuwa sikio hustahimili desibeli 85 kwa saa nane kwa siku, na kila zinapozidi desibeli 3 muda huo hupungua kwa nusu, hata zikifika 100 ikabaki robo saa tu. Katika chumba cha mabati tutafika huko kabla ya ubeti wa pili, na uziwi utakaotupata twaomba uhesabiwe kuwa mchango wetu katika kazi yenu ya tatu.

Amplifaya tutaiwasha kwanza na mikisa baadaye, kinyume cha utaratibu, ili mshindo wake uzipasue spika mapema zingali mpya. Soda itawekwa juu ya amplifaya, kwani ndipo palipo tambarare. Nyaya zitakunjwa kwa kuzungushwa kiwikoni mpaka shaba ya ndani ikatike pasipoonekana, na waya uliokatika utarudishwa kimya kimya kwenye msumari wake, bendi ijayo iugundue usiku wa harusi. (Jambo hili la waya ndilo linalonikera kuliko yote. Mwizi walau humwondolea mtu shaka.)

Nanyi, Waheshimiwa, hatuna shaka kuwa mtatimiza yenu. Utepe utakatwa, na kibao kitatundikwa chenye jina la mfunguzi kwa herufi kubwa kuliko neno "muziki". Ufunguo atakabidhiwa afisa akaaye mjini Homa Bay, ambaye kila tutakapomhitaji atakuwa njiani, amefika Rodi Kopany. Fedha za nyuzi za gitaa hazitatengwa, kwa kuwa hakuna sherehe ya kufungua uzi. Na kampeni za 2027 zikipamba moto, spika zitaazimwa kwa muda mfupi tu, zipandishwe lori, na zitarudi zimekauka sauti kama mgombea aliyeshindwa.

Msidhani twasema haya kwa kuwa hatujaona mfano mwema. Unguja kuna Nadi Ikhwani Safaa, klabu ya taarabu iliyoasisiwa 1905, ambayo imepita utawala wa masultani na mapinduzi na hadi leo yapiga. Dar es Salaam kulikuwa na NUTA Jazz ya 1964, bendi ya chama cha wafanyakazi, ambayo wapigaji wake walilipwa mshahara kama watumishi wengine. Chama kikabadilika jina na bendi nayo ikabadilika, ikawa Juwata, ikawa OTTU, hata leo ni Msondo Ngoma. Kwa rai yangu, kilichozifaa bendi hizo hakikuwa kuta. Ni kwamba zilikuwa na mwenyewe, na mwenyewe huyo aliweza kuulizwa.

Kwa hiyo, tukiweka kando mzaha, haja yetu ni ndogo. Tupeni mtu wa hapa hapa Ndhiwa, mwenye ujira na ufunguo, na daftari ambamo kila bendi itatia sahihi kwa ilivyovikuta vyombo na ilivyoviacha. Na ijara ndogo ya kila zamu, ya kununulia nyuzi na nyaya, ilipwe na wote bila kusamehewa hata bendi ya mpwa wa mheshimiwa. Atakayevunja atengeneze, na atakayechelewa zamu yake iishe saa ile ile iliyoandikwa. Mkiandaa makadirio ya fedha, anzeni na mshahara wa mtunza chumba, kisha rangi ya ukuta. Na fedha zikitosha kimoja tu, uacheni ukuta.

Wenu mtiifu,
Mpiga besi, Ndhiwa