Ukitaka 64, Fungua 32

Mimi fundi wa kompyuta, Ukunda mpaka Msambweni. Chumvi ya bahari kwenye mashine naivumilia, mijusi nawavumilia. Nisichovumilia ni swali la vijana wa Nairobi wanaohudumia programu kwa simu: "ODBC yenu ni toleo gani?" ODBC ni lile dude linalounganisha programu na hifadhidata.

Juzi duka la simiti na mabati Msambweni, programu ya stoo ilikataa kusoma hifadhidata. Mwenye duka, mzee wa makamo, alikuwa ameshahojiwa kwa simu na kijana mmoja wa Nairobi. "Hebu sema naye wewe, mwanangu. Nimemwambia ni ile nyeusi, niliinunua Mombasa, hasikii."

Enzi za Windows XP dude hili la ODBC lilikuwa ndani ya MDAC, furushi la Microsoft la kufikia data, nalo lilikuwa gumu kujulikana toleo hata Microsoft wakatoa programu maalumu ya kulikagua. Yaani kitu kina mpelelezi wake! Asiyekuwa naye alichimba kwenye rejista ya Windows mpaka afike palipoandikwa FullInstallVer.

Ya mzee ni Windows 7, ile iliyoachwa na wenyewe tangu Januari 2020. Unabonyeza kitufe cha Windows pamoja na R. Lakini R ya dukani imeganda simiti. Nikaichokoa kwa chelewa la ufagio. Nikaandika odbcad32, dirisha likafunguka, nikaenda kwenye orodha ya dreva ambako toleo huandikwa. Dreva ya Access, ambayo ndiyo hifadhidata ya programu ile ya stoo, haipo.

Ipo, ila kwenye dirisha jingine. Windows ya biti 64 ina madirisha mawili ya ODBC, yote jina moja, odbcad32, na kwenye Windows 7 yanafanana kama mapacha. La biti 64 limewekwa kwenye folda ya System32. La biti 32 liko SysWOW64. Eti programu za kale zilizoea njia ya System32, Microsoft wakaogopa kuzipoteza. Sisi tupotee, haidhuru.

Nikafungua hilo la SysWOW64, nikamsomea kijana toleo kwenye simu. Mzee akadakia: "Kwa hivyo ya sitini na nne iko wapi?"

"Kwenye thelathini na mbili, mzee."

"Na ya thelathini na mbili?"

"Kwenye sitini na nne."

Akanyamaza, akafungua droo. Nilipomtajia elfu mbili akanihesabia elfu moja. "Chukua. Kwa hesabu zenu, hizo ndizo elfu mbili."