Premio Inayosikia Baridi

Julai ni kiangazi kule Isingiro, Uganda. Vumbi linapanda mpaka kwenye nyusi, migomba ya kando ya barabara inageuka rangi ya tofali, na abiria anayetoka kambi ya wakimbizi ya Nakivale kwenda Mbarara akishuka, hata mama mkwe wake hamtambui. Katika joto hilohilo Premio yangu ya mwaka 1997 ikaanza kusikia baridi.

Asubuhi ikiwashwa inakohoa. Ikishapata moto inatoa moshi mweusi unaonuka petroli mbichi, na tanki linakauka kabla nauli haijarudi. Wataalamu hawakukosekana. Shemeji yangu anayeuza mihogo Base Camp ya Nakivale alisema ni plagi. Mzee mmoja Mrundi akasema pampu. Kijana wa bodaboda, ambaye pikipiki yake haina hata rejeta, akatangaza kwamba injini imekwisha, niiuze vyuma chakavu. Mama mmoja mlokole aliomba aiwekee mikono, na kusema kweli siku ile ilitembea vizuri kidogo.

Fundi wangu, Mkongo wa Bukavu ambaye sote tunamwita Papa, hakubishana na mtu. Aliingiza mkono chini ya distribyuta, akagusisha mita yake kwenye kidude cha shaba kisichozidi kidole gumba, akasoma, akacheka.

"Moteri iko na moto," alisema, "lakini hii kitu inaambia kompyuta tuko kwenye baridi ya Lubero, saa kumi na moja ya asubuhi."

Sensa ya joto la maji haina makuu. Ndani yake mna kipande kinachozuia umeme sana kikiwa baridi, kisha kinalegea kadiri kinavyopata moto. Kwa Toyota za umri huo, kwenye nyuzi 20 utasoma ohm elfu mbili na ushee. Kwenye 80 zimeshuka hadi mia tatu hivi. Ya kwangu ilikuwa imegandia huko juu kwenye maelfu, basi kompyuta ikawa inaihurumia injini na kuimwagia petroli kila saa, ikidhani ndiyo kwanza imeamka. Na mshale wa dashibodi ulikuwa umetulia katikati kwa heshima zote, maana wenyewe unapata habari zake kwenye sensa nyingine, ya waya mmoja, isiyojua masaibu ya jirani yake.

Mbarara sensa mpya ya kwenye boksi ilikuwa bei ya mbuzi. Iliyotumika, bei ya jogoo. Nikachukua njia ya jogoo, na sioni haya. Nakivale inapokea wakimbizi tangu mwishoni mwa miaka ya 1950. Pale hakuna anayedharau kitu kwa sababu kilianzia maisha kwingine. Premio yenyewe ilizeekea Japani kabla ya kuja Uganda kutafuta kazi.

Mwenye duka la spea alivuta sanduku la kadibodi kutoka chini ya meza. Lilijaa sensa zilizokatwa waya, zimesokotana, zimeganda grisi. Nikauliza ipi ni nzima.

"Zote, sebo." Akachomoa moja, akaifuta kwenye shati. "Hii imetoka kwenye gari la ajali. Gari lilikwisha lote, sensa haikuguswa."

Nikauliza habari za dereva. Akajibu kwamba dereva hayumo kwenye bei.

Papa hanunui kitu kwa kiapo. Alikwenda kwa mama wa chai hapo jirani, akaomba sufuria na maji yanayochemka. Mama akaitazama ile sensa, bado ina utando wa kijani wa kulanti ya zamani, akakataa katakata. Alikuwa na haki: ile kulanti ni sumu, tena sumu yenye utamu. Akatupatia kopo tupu la maziwa ya unga. Maji akatuuzia.

"Kwenye mia, ohm lazima zianguke," Papa alisema akitumbukiza.

"Si mia," akadakia mwalimu mmoja wa fizikia aliyekuwa anakunywa chai. "Mbarara iko zaidi ya mita 1,400 juu ya bahari. Maji hapa yanachemka kwenye 95 hivi."

Ubishi ukapamba moto kuliko lile kopo. Wateja wakagawanyika, mwingine akadai maji ya kwao Kabale yanachemka haraka kwa sababu ni matakatifu. Papa alisubiri wachoke, akanyanyua mita. "Mwalimu, hata yachemke kwenye 80, huyu ni marehemu." Namba ilikuwa ileile ya kwenye maji baridi. Kumbe sensa ilikwenda na dereva.

Mwenye duka hakutikisika. Hiyo, alisema, ilikuwa ya kuonyesha tu. Akatoa nyingine, ikaanzia elfu mbili na mia nne, ikateremka taratibu hadi chini ya mia tatu. Tukalipa jogoo.

Kuifunga kulikuwa kazi ya spana namba 19, injini ikiwa imepoa, na ngozi kidogo ya vidole vya Papa iliyobaki kule chini. Kazi hasa ilikuwa kutoa hewa. Hewa ikinasa kwenye njia ya maji, sensa hupima hewa na kutunga uongo mpya. Kwa hiyo unafungua hita mpaka mwisho, unaacha injini ingurume, mapovu yatokee rejeta. Lakini abiria wa kurudi kambini walikwisha kaa, na hakuna aliyekubali kushuka akapoteza siti. Basi wakakaa humo, hita inapuliza, jua la saa nane juu ya bati.

"Dereva," akauliza mama mmoja wa nyuma, "huyu kuku nitafika naye mzima, au ameshaiva?"

Moshi mweusi umekwisha. Lakini wakati mapovu yanatoka nilimwona mwenye duka akiirudisha ile sensa marehemu sandukuni, kwa upole kabisa. Niliazima rangi ya kucha kwa binti mmoja kwenye gari, nikarudi kuipaka doa jekundu mwenye duka akiwa anamhudumia mteja. Basi ukipita Mbarara na Premio yako, ukaletewa sanduku la kadibodi, hiyo yenye doa usiinunue, hata ukiambiwa imetoka kwenye gari la askofu.