Bwana PB3 Yuko Kikaoni

Mikrokontrola STM32F103C8 ina pini 48, na nyingi zina vyeo kama madiwani. PA9, kwa mfano, ni pini ya kawaida, ni msemaji wa USART1, na papo hapo ni chaneli ya pili ya taima ya kwanza. Kiti kimoja, posho tatu.

Lakini mheshimiwa hasa ni PB3. Wewe unataka awashe taa ya LED, basi. Unapakia programu, taa kimya. Kumbe tangu umeme uingie, bwana yuko kikaoni kwa JTAG, njia ya kukagulia programu ndani ya chipu, na hakuna aliyemwambia kikao kimevunjwa. Kumtoa lazima upitie AFIO, ofisi inayopanga kazi za pini. Na AFIO yenyewe haifanyi kazi mpaka RCC iipe mapigo ya saa. Ukiiandikia kabla ya hapo barua haikataliwi wala haijibiwi. Inayeyuka tu. (Waliowahi kufuatilia hati ya kiwanja wataelewa upesi.)

Wenye hasira huvunja kikao chote: SWJ_CFG ya AFIO wanaiwekea 100. Taa inawaka, vigelegele! Kesho wanachomeka kifaa cha kupakia programu, hakisomi. JTAG wameifukuza pamoja na SWD, yaani PA13 na PA14, mlango waliokuwa wakiingilia wenyewe. Walihitaji 010. Imeandikwa kwenye mwongozo RM0008, wenye kurasa zaidi ya 1000 na ambao kila fundi anao kwenye kompyuta, haujafunguliwa. Sasa wahamishe BOOT0 iende 1, wabonyeze riseti, wajaribu tena.