Mume Wangu Mmemgeuzia Wapi?

Kwa mujibu wa kadi yake, kigari changu kinabeba watu watano. Kwa mujibu wa mtaa wetu wa Mchikichini, kinabeba yeyote anayeelekea ninakoelekea, pamoja na ndoo yake. Kipimo hicho cha pili sijawahi kukipinga. Ukikaa karibu na soko la Karume, ukawa na gari, kisha ukapita peke yako mbele ya jirani aliyesimama na kapu, bora ungelipaki ukaenda kwa miguu. Watoto wadogo hawahesabiwi kabisa. Mtoto ana paja lake, na paja halijazi nafasi.

Ndiyo maana wifi yangu alipotangaza kwamba kwenye safari ya Morogoro, arusini kwa binamu yetu, mwanawe wa miezi saba atakaa kwenye kiti chake mwenyewe, sebule nzima ilinyamaza kupiga hesabu. Mdogo wangu anaendesha. Mimi mwenye gari nakaa mbele. Nyuma kuna mama yangu, wifi na mama mkubwa. Mtoto akipata kiti, mtu mzima mmoja anashuka. Mama mkubwa akaanza kukohoa kile kikohozi cha mtu ambaye daktari amemkataza basi.

Wifi ni nesi, na mtu aliyewahi kupokea majeruhi wa barabarani usiku wa Jumamosi humwambii kitu kuhusu paja. Alimweleza mama taratibu: gari likigonga kitu kwa kilomita 50 kwa saa, mwendo ule ule ambao trafiki wanautega kwa tochi, mtoto wa kilo nane anarushwa mbele kwa nguvu ya mzigo wa kilo mia mbili na zaidi. "Mama, unaweza kuzuia magunia mawili ya mchele kwa mikono?"

Mama akajibu kwamba yeye tangu azaliwe hajawahi kugonga kitu. Ni kweli. Hajawahi kuendesha pia.

Tulianzia Karume, kwa sababu sisi kila kitu tunaanzia Karume. Soko liliteketea Januari 2022, na wenyewe wakarudi kupanga meza zao. Sembuse mimi niache kwenda kuangalia kiti. Muuzaji wa vitu vya watoto alituonyesha vitanda, beseni na vigari vya kusukuma. Wifi akauliza kama hana kiti cha gari. Anacho, kizuri mno. Kilikuwa wapi? Alikuwa amekikalia.

"Gredi wani hiki, dada. Kimetoka Uingereza, kimetumiwa na mtoto mmoja tu," alisema akikipangusa. Yeye mwenyewe, kwa kukadiria, alikuwa mtoto wa kilo tisini.

Wifi alikipindua kiti juu chini akatafuta mwaka wa kutengenezwa, ambao huchorwa kwenye plastiki. Akapitisha kidole kwenye mishono ya mikanda. Akauliza kama kimewahi kupata ajali. "Ajali tena, sista? Hiki si gari!" Watu waliokuwa wakichambua nguo meza ya jirani walicheka, na mimi nilitaka kucheka nao, ila wifi alikuwa na hoja. Kiti kilichokuwemo kwenye ajali kinaweza kuwa kimepasuka ndani kwa ndani, kitambaa juu kikabaki kinameremeta. Tena plastiki inachoka kwa jua na miaka, ndiyo maana vingi vina mwisho wa matumizi. Mimi nimevaa mtumba tangu shule ya msingi, na koti nililovaa siku ya kuhitimu lilikuwa limeandikwa jina la Mjerumani ndani ya kola. Sikulihoji. Koti lakini halijaahidi kumzuia mtu asipite kwenye kioo.

Basi tukaingia Kariakoo, tukapanda ngazi na kushuka ngazi, mpaka duka moja likatoa kiti kipya ndani ya boksi. Wifi hakuuliza rangi. Alitafuta kibandiko cha rangi ya chungwa chenye herufi E ndani ya duara, alama kwamba kiti kimejaribiwa kwa kanuni za Umoja wa Mataifa. Kibandiko kilikuwepo. Bei aliyoitaja mwenye duka ilimfanya mdogo wangu aombe maji ya kunywa. Tulipouliza kinafungwaje, tukajibiwa: "Kawaida tu."

Jumamosi asubuhi, kabla jua halijakolea, ile kawaida tu ikaanza. Mchikichini hakuna kazi ya mtu mmoja. Nilipofungua mlango wa nyuma, wazee wa bao walisogeza benchi lao, mama ntilie akageuza jiko ili aone huku anakaanga, na dereva wa bodaboda, ambaye punde tu alikuwa amemshusha mama mmoja na watoto wawili na godoro, alikuja kutukumbusha kwamba usalama wa mtoto si jambo la mzaha.

Kizuizi cha kwanza kilikuwa kava za viti. Nilizishonesha mwenyewe, ngozi ya bandia nyekundu, na fundi aliyezivalisha alizibana hadi zikameza mahali pote pa kuchomekea mikanda ya nyuma. Abiria wangu wote, miaka yote hiyo, hakuna aliyeulizia. Mdogo wangu alizamisha mkono akatoa sarafu, maganda ya karanga na hereni moja ambayo hadi leo haijapata mwenyewe. Mwisho akavitoa vichomekeo vyenyewe, vipya kabisa, havijaguswa tangu Japani.

Na ni hiyo Japani iliyonishangaza. Huko, tangu Aprili 2000, mtoto chini ya miaka sita lazima awe na kiti chake ndani ya gari. Maana yake kigari changu kimelelewa ndani ya sheria hiyo, kikapakiwa melini, kikashushwa bandarini Dar es Salaam, na humu humu kikafundishwa paja. Sheria yetu ya Usalama Barabarani ya 1973 ilipotungwa haikuwa na neno juu ya kiti cha mtoto. Kitu pekee ambacho gari halijasahau ni yule dada wa Kijapani wa kwenye dashibodi, ambaye kila ninapowasha anatangaza kwamba kadi ya kulipia barabara haijaingizwa. Mama yangu humjibu, "Asante, mwanangu."

Fundi wetu wa magari, kijana anayeheshimika kwa kuwa hajawahi kushindwa kitu mbele ya watu, alikizunguka kiti akatoa hukumu. "Hapa tunachomelea vyuma viwili."

"Hakuna kuchomelea, kaka," wifi akasema.

"Basi bolti nne. Natoboa sakafu."

"Kinafungwa kwa mkanda wa gari."

Fundi alimtazama kwa huruma. "Huu mkanda, dada? Huu si ni wa trafiki tu?"

Ili kuwathibitishia waliohudhuria, alipiga magoti kiti cha nyuma, akauvuta mkanda mpaka mwisho wake, akauzungusha kiunoni mwake na kuuchomeka. "Mnaona? Haubani kitu." Mkanda ukaanza kurudi. Tik. Tik. Tik. Fundi akauvuta, haukuvutika. Akashusha pumzi, mkanda ukachukua nafasi ya ile pumzi. Tik. Kitufe cha kufungulia kilikuwa chini ya nyonga yake, chini ya kava yangu nyekundu. Bodaboda akaomba kisu, nami nikamwambia atakayekata mkanda wa gari langu aanze na mimi. Mama ntilie alipendekeza apakwe mafuta. Mzee mmoja wa bao alimshauri asipumue, ushauri ambao fundi alijitahidi kuufuata kwa muda.

Wifi aliingiza mkono, akabonyeza, fundi akatoka akihema. Tulitegemea wifi atacheka. Badala yake macho yalikuwa yamemtoka. "Kaka, hebu rudia ulichofanya."

Ndipo siri ikajulikana. Mkanda wa kawaida unakuachia ujongee, unakaza pale gari linaposhtuka tu. Lakini baadhi ya magari, si yote, yana mkanda wenye tabia ya pili: ukiuvuta wote mpaka mwisho, unageuka wa kurudi tu, haukuachii tena mpaka uufungue na kuuacha ujikunje wote. Umetengenezwa hivyo kwa ajili ya kushikilia kiti cha mtoto. Karatasi ndogo iliyoshonwa kwenye mkanda ilikuwa inatueleza hayo tangu siku ya kwanza, kwa Kijapani.

Baada ya hapo kazi ilienda. Mkanda ulipitishwa kwenye njia zilizopakwa buluu, kwa kuwa mtoto anatazama nyuma. Zile nyekundu zinangoja siku atakapotazama mbele. Ukachomekwa, ukavutwa mpaka mwisho, mdogo wangu akaegemeza uzito wake wote kwenye kiti, na tik-tik-tik safari hii ikapigiwa makofi. Wifi alikishika pale mkanda unapopita akakitikisa. Kikisogea zaidi ya sentimita mbili na nusu, kazi irudiwe. Hakikusogea. Gari zima ndilo lililotikisika.

Kilichobaki ni ule mstari ubavuni mwa kiti, unaotakiwa uwe sawa na ardhi ili kichwa cha mtoto kisimwangukie kifuani akaziba pumzi. Ulikataa kulala. Tukakilaza kiti, tukakiinua, tukakunja taulo tukaliweka chini, tukalitoa. Jua sasa lilikuwa limekolea na watu wameanza kunung'unika, wakati mzee aliyekuwa akiendesha mabasi ya UDA enzi zake aliponyanyua kichwa kutoka kwenye bao. "Na gari lenyewe limesimama sawa?"

Tairi za mbele zilikuwa juu ya zege la mtaro.

"Basi likiwa mlimani," alisema akirudi kwenye kete zake, "usivilaumu viti." Tulilirudisha gari nyuma, na mstari ukalala wenyewe.

Siku ya safari, mama yangu alitoka ndani amembeba mjukuu. Alikuwa amemvisha sweta, soksi mbili mbili na kofia ya sufu, kwa kuwa Morogoro kuna milima. Alichungulia ndani ya gari, akakiona kiti, akasimama.

"Mume wangu mmemgeuzia wapi?"

"Nyuma, mama," wifi akasema.

"Amefanya kosa gani?"

Wifi alieleza vizuri, nakiri. Kichwa cha mtoto mchanga ni karibu robo ya urefu wake, na shingo yake bado laini. Akitazama mbele, gari likisimama ghafla, mwili unashikwa na mikanda, kichwa kinaendelea na safari. Akitazama nyuma, mgongo wa kiti unapokea kichwa, shingo na mgongo vyote kwa pamoja. Kanuni mpya za Umoja wa Mataifa hazitaki mtoto atazame mbele kabla ya miezi 15, na kukawia zaidi ni bora zaidi. Nami, nikidhani nasaidia, nikaongeza habari za Bertil Aldman, profesa wa Uswidi, ambaye mwaka 1964 alitengeneza kiti cha namna hii baada ya kuona jinsi wanaanga wa Marekani wanavyolazwa chali roketi inaporuka, ili mgongo ubebe ile nguvu.

"Hao wa angani ni watu wazima, na wamesaini," mama akasema. "Huyu hajasaini. Na miguu ataiweka wapi?"

"Ataikunja, mama. Watoto wanapenda kukunja."

Jirani mmoja akapendekeza kiti kihamie mbele, pembeni ya dereva, mtoto apate upepo. Wifi alimwonyesha maandishi ya eabegi kwenye dashibodi: likifumuka, linampiga mtoto kisogoni kupitia mgongo wa kiti. Jirani akasema yeye alikuwa anauliza tu.

Ugomvi mkubwa ulikuwa wa sweta. Mikanda ya kiti inatakiwa ikae usawa wa mabega au chini yake kidogo, na ibane kiasi kwamba ukijaribu kuifinya kwa vidole begani, hupati mkunjo. Juu ya sweta, kinachobanwa ni sufu. Sweta likavuliwa, kofia ikavuliwa, mtoto akafungwa, kisha kanga ikatandazwa juu ya mikanda, siyo chini yake, na mama akaruhusiwa kuichagua. Akakaa pembeni yake, na hapo ndipo alipogundua kwamba yeye peke yake ndani ya gari ndiye anayeona uso wa mumewe safari nzima. Hakusema kitu, ila alijitanua.

Mama mkubwa hatukumwacha. Nilimkatia tiketi ya treni ya umeme ya SGR, inayokwenda Morogoro tangu Juni 2024. Aliondoka nyumbani analia kwamba amefukuzwa na mtoto asiye na jino.

Kibaha tulisimamishwa. Askari alitaka kizimamoto, akataka pembetatu, akainama dirishani na kukaa ameinama. Alimwita mwenzake. Wakatazama wote wawili. "Anti, hii mmeipata wapi?" akaniuliza, kwake kuna wa miezi miwili. Wifi alishuka kumweleza, na kwa kuwa wifi hajui kueleza kwa kifupi, magari matatu yaliyokuwa nyuma yetu yakapita bila kukaguliwa.

Chalinze tulikuwa hatujafika simu ilipoita.

"Mko wapi?" mama mkubwa aliuliza. Nyuma yake zilisikika ngoma. "Mimi nimeshakunywa chai, sasa hivi napakwa hina."

"Treni inatikisa?" mama yangu akadakia.

"Kikombe unaweka juu ya meza, hakimwagi hata tone."

"Kurudi tutakubana katikati hapa, mama mkubwa," mdogo wangu akasema kwa adabu.

"Umbane nani? Nafasi yangu mpeni huyo mume wenu, anyooshe miguu."

Akakata simu. Mama alimtazama mjukuu, akaitazama foleni ya malori mbele yetu, akauliza tiketi ya treni ni shilingi ngapi, na kama mume analipiwa.