Pipa la Maji na Miwani ya Kuzamia

Mama mkwe alikuwa na swali moja, na alilirudia kila jioni tukikaa uani: "Huko baharini mnakwenda kuchukua nini?" Kwake safari ina jambo lake: msiba, harusi, hospitali au mnada wa ng'ombe. Kupanda treni na watoto ili kwenda kutazama samaki walio hai, kisha kuwaacha huko huko, ilikuwa habari ngeni, naye hakuona sababu ya kuficha.

Mimi nimezaliwa kisiwani Mafia. Ualimu ndio ulionileta Haneti, mkoani Dodoma, ndoa ikanibakiza. Hapa tuko zaidi ya mita elfu moja juu ya usawa wa bahari, katika nchi ya mibuyu, uwele na alizeti, ambako mito huwa mchanga mtupu miezi mingi ya mwaka. Nimeizoea na ninaipenda. Lakini wanangu watatu walikuwa wanakua wakiijua bahari ya mama yao kwa ramani ya ukutani, na jambo hilo lilinikaa rohoni. Nilitaka wayaone matumbawe kwa macho yao wenyewe, nyuso zikiwa ndani ya maji.

Treni ya umeme ilipoanza kubeba abiria hadi Dodoma, Julai 2024, nikaona njia imefunguka. Unatoka Haneti kwa gari la alfajiri, unapanda treni Dodoma, na haijapita hata nusu siku uko Dar. Mafia kwenyewe kungetaka nauli nyingine ya boti kutoka Nyamisati kwa kila mmoja wetu, kwa hiyo tukachagua Mbudya, kisiwa kidogo mbele ya Kunduchi. Ni eneo tengefu la bahari tangu mwaka 1975, pamoja na Bongoyo, Pangavini na Fungu Yasini.

Mabishano yakaanza kwenye tarehe. Juni alizeti imeshauzwa na fedha ipo, ila kusi linavuma na maji yanachafuka. Desemba bahari ni njema, lakini ndipo mvua ya Dodoma inaposhuka, na hakuna mkulima wa huku anayeliacha shamba likisubiri mbegu. Tukaangukia likizo fupi ya Septemba, kusi likiwa limeanza kulegea. Septemba pia ni mwezi ambao maji huwa haba kijijini kwetu. Jambo hilo likumbuke, msomaji, maana litarudi.

Kazi ya kununua vifaa aliichukua shemeji, mdogo wa mume wangu, ambaye aliwahi kukaa Dar akiuza vitenge na akarudi na sifa ya kulijua kila duka la Kariakoo. Bajeti ilikuwa bei ya beberu mmoja, tena si yule mkubwa zizini. Simu ikapigwa, fedha ikatumwa, na baada ya siku chache mfuko ukashushwa kwenye basi. Ndani mlikuwa na seti za plastiki, kila moja na miwani, mrija wa kupumulia na mapezi ya miguuni, zote saizi moja. Mlikuwa na miwani miwili midogo ya kuogelea, ile isiyofunika pua. Juu ya vyote, ikametameta barakoa ya kufunika uso mzima yenye mrija utosini, ambayo shemeji aliiongeza kwa fedha yake mwenyewe.

Ninafundisha sayansi darasa la sita, na nimekulia majini. Nilikaa na vitu vile sebuleni nikavikagua kimoja kimoja. Miwani ya kuzamia lazima ifunike pua. Ukishuka chini, maji hukandamiza hewa iliyo ndani ya miwani, na njia ya kusawazisha ni kupuliza kidogo kwa pua. Ile midogo ya kuogelea haina nafasi hiyo, huyavuta macho hadi yawe mekundu. Kioo kiwe kioo kweli, kile kilichoimarishwa kwa moto, kwa sababu plastiki huchubuka kwa mchanga wa siku ya kwanza. Halafu ule ukingo unaogusa uso uwe wa silikoni laini. Ukiubonyeza unarudi ulivyokuwa. Wa plastiki ngumu hubaki na kunyanzi, na penye kunyanzi maji hupita.

Barakoa ya uso mzima niliiweka kando siku ile ile na sikutaka mjadala. Ndani yake mna nafasi kubwa ambamo hewa uliyokwisha kuitoa hubaki, na zile zisizo na vali nzuri humfanya mtu avute tena hewa chafu yake mwenyewe mpaka kichwa kizunguke. Mtoto akishtuka, kuivua ni kazi. Nisingemvisha mtoto wangu, wala wa jirani.

"Shemeji," akasema kwa unyonge, "lakini ndiyo ya kisasa."

Tukaja kwenye kipimo, ambacho hakihitaji bahari. Unaweka miwani usoni bila kuvaa mkanda, unavuta pumzi kwa pua, unaachia mikono. Ikishika, ni yako. Ikidondoka, hata ukikaza mkanda namna gani itavuja. Ya kifungua mimba ikashika. Ya yule wa kati ikashika mara nywele zake za msuko zilipoondolewa kwenye paji la uso. Ya kitinda mimba ikaanguka kila mara, kwa sababu uso wake ni wa mtoto na miwani ilikuwa ya mtu mzima. Ya baba watoto ikashika upande mmoja tu. Tatizo lake lilikuwa masharubu.

Masharubu yale yana historia. Ameyafuga tangu ujana, na mama yake huyapenda kwa kuwa marehemu baba mkwe alikuwa na ya namna hiyo hiyo. Wapo wazamiaji wanaopaka mafuta mazito juu ya mdomo ili kuziba, lakini mafuta ya petroli huharibu mpira, na sikutaka vifaa vya bei ya beberu viharibike mapema. Baba watoto akalala na jambo hilo, akaamka nalo, akatoka nje na wembe na kioo kidogo. Aliporudi, mama mkwe alimtazama kitambo kirefu, halafu akasema, "Kumbe mdomo wa mjomba wako ulikuwa umejificha humo!" Watoto walicheka hadi wakakaa chini.

Shemeji hakuwa amekubali kushindwa. Aliona mrija uliokuja na seti ni mfupi mno, eti unamfanya mtu aelee juu kama kibuyu huku samaki wako chini. Akachukua mpira wa kumwagilia bustani, akauunga kwenye mrija kwa utepe, akasema sasa mtu anaweza kuketi chini kabisa na kupumua kwa raha. Nikamweleza mezani kwa nini haiwezekani, na nikamkataza. Akanyamaza. Kesho yake akasubiri niende shule.

Uani kwetu lipo pipa la lita 200, limekaa juu ya mawe matatu. Asubuhi ile lilikuwa limejaa maji yaliyoletwa na punda kutoka kisimani, maji ya kunywa na kupikia. Shemeji alioga kwanza kwa heshima ya maji hayo, akaingia, akachuchumaa hadi utosi ukazama, ncha ya mpira ikiwa imeshikwa juu na mwanangu wa kati. Akavuta pumzi. Hewa haikuja. Kina kile ni kidogo, lakini maji tayari yanakikandamiza kifua, na misuli ya mbavu inabidi isukume mzigo huo wote ndipo ivute hewa ya juu. Kila mita moja ya kina huongeza moja ya kumi ya kanieneo ya hewa tunayoishi nayo, na mbavu za binadamu hazikuumbwa kwa kazi hiyo. Hata kama angeweza, mpira mrefu ungebaki umejaa pumzi aliyoitoa, akaivuta hiyo hiyo tena. Ndiyo maana mirija ya kuzamia hukomea karibu na sentimita 40.

Shemeji hakuwa na nafasi ya kuyawaza hayo. Alitapatapa, goti likapiga ukuta wa pipa, jiwe moja likateleza, na pipa likalala. Maji yakapita uani, yakazunguka jiko, yakaingia zizini, mbuzi wakanywa kwa furaha. Katikati ya Septemba.

Niliporudi watoto watatu walinisimulia wote kwa pamoja. Moyo ulinienda mbio, wala si kwa sababu ya maji. Angekuwa mtoto ndani ya lile pipa, kisa hiki kisingeandikwa. Nilimwambia hivyo shemeji bila kupunguza, naye akainamisha kichwa. Hukumu ikatolewa na mama mkwe: shemeji atateka kwa punda hadi pipa lijae, halafu atajaza na la jirani, ambaye siku hiyo alibisha hodi kwa salamu ya Kigogo, "Mbukwenyi," ndoo mkononi, akija kuomba maji kwetu.

Hapo mambo yakabadilika kwa namna ambayo sikuitarajia. Jioni mama mkwe akaniita pembeni. "Mwanangu, hewa ilikataa kwa nini?" Nikachukua chupa tupu ya plastiki, nikaifunga, nikaizamisha ndani ya ndoo, nikamshikisha aone inavyosukumwa. Akaizamisha mwenyewe, mara kadhaa, uso ukiwa makini. Halafu akauliza treni inaondoka saa ngapi, na kama mtu mzima analipa nauli kamili.

Tulifika Dar siku moja kabla ya kwenda kisiwani, tukaenda dukani na nyuso zetu zote. Hilo ndilo ninalomsihi kila mzazi: usinunue miwani ya mtu asiyekuwepo. Muuzaji hakurudisha fedha ila alikubali kubadilisha. Mapezi yote tukayarudisha, kwa sababu mgeni wa bahari akiyavaa hupiga teke matumbawe, na tawi alilolivunja kwa dakika limejengwa kwa miaka. Fedha yote ikaenda kwenye kioo na silikoni, ya kitinda mimba ikiwa saizi ya mtoto, na kwenye mirija ya kawaida yenye kipande laini cha kung'ata. Jaketi okozi tulikodi, na hizo nilizitanguliza mbele ya kila kitu. Watoto wa nyanda za juu hawajui kuogelea, na mtu aliyevaa jaketi anaweza kuelea kifudifudi akatazama chini bila kuogopa.

Usiku tukasugua vioo vipya kwa dawa ya meno kuondoa utando wa kiwandani unaoleta mvuke. Asubuhi, kabla ya kuingia majini, nikawafundisha kutema mate kwenye kioo na kukisuuza. Mama mkwe alilifanya hilo kwa ustadi kuliko sisi wote.

Matumbawe ya pwani ya Dar yameteseka. Baruti za wavuvi haramu ziliyapasua, na joto la bahari la mwaka 1998 liliyafanya meupe sehemu nyingi za pwani yetu. Yaliyobaki bado yanatosha kumfanya mtoto apige kelele ndani ya mrija. Kitinda mimba aliibuka akisema maji ni kama jiwe la kijani la Haneti, krisopresi, ambalo rangi yake hutokana na nikeli ya vilima vyetu. Yule wa kati akadai ameona samaki mkubwa ajabu, nikamweleza kwamba chini ya maji kila kitu huonekana kikubwa kwa theluthi moja zaidi. Mama mkwe alisimama maji ya kiunoni, jaketi kifuani, mkono mmoja kwa shemeji, akainama. Alikaa humo muda mrefu. Alipoinuka alisema, "Yule anatafuna jiwe!" Alikuwa amemwona pono akikwangua matumbawe kwa mdomo wake, na nilipomwambia kwamba jiwe hilo hutoka nyuma yake likiwa mchanga mweupe, akainama tena kuhakikisha.

Siku hizi mfuko wa miwani uko chumbani kwake, umesuuzwa kwa maji baridi yasiyo na chumvi na kuwekwa mbali na jua, kwa sababu jua hukausha silikoni. Barakoa ya shemeji anaivaa mwenyewe akipura uwele, na inamkinga macho na ngozi ya uso na vumbi lake linalowasha. Familia za hapa kijijini zinazokwenda pwani huja kuazima. Mama mkwe huwakalisha kwenye kigoda, mmoja mmoja, huwabandika miwani bila mkanda, huwaambia wavute pumzi kwa pua. Ikianguka, anatikisa kichwa na kumwita anayefuata. Mzee mmoja alijaribu kubisha kuhusu masharubu yake. Akaonyeshwa wembe.